Mkate Tuliounong'onea

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe sana! Namwona Mama Mchungaji ananitazama, anajiuliza gauni lake liko wapi. Liko tayari, mama. Limepigwa pasi, limo kwenye mfuko pale mlangoni. Kwa mnaonijua, hilo peke yake ni ushuhuda tosha. Ningeweza kukaa chini sasa hivi na mkasema Amina!

Lakini sikai. Nimemwomba Mchungaji dakika chache, naye amenipa, akaniomba nisizidishe. Nitajitahidi.

Kwa wageni, mimi ni Mama Anjela, fundi cherehani wa pale Maili Moja, hapa Kibaha. Nina watoto wawili, Anjela wa miaka tisa na Daudi wa miaka mitano. Baba yao ni dereva wa malori, leo yuko Tunduma, kesho hajui atalala wapi. Nilizaliwa Kurui, huko Kisarawe, na mama yangu bado anaishi katika nyumba ile ile nilimozaliwa. Nimesimama hapa kusema kwamba Mungu amenitoa katika hasira. Amenitoa kwa kinu, mchi na mkate wa kumimina. Msicheke, nafika huko.

Mnajua mafundi tulivyo. Mteja akileta kitambaa namwambia njoo Ijumaa. Ijumaa akija namwambia yamebaki vifungo tu. Kitambaa chenyewe hata sijakikata! Basi ukishasema uongo kama huo kwa watu kumi, unakaa kwenye cherehani roho ikiwa juu, kila kivuli kikipita mlangoni unadhani ni mwenye nguo yake. Simu inalia, bibi harusi anatuma ujumbe wa sauti, analia. Mchana nakula chipsi kwenye mfuko, mkono mmoja kwenye kitambaa. Jioni napanda bodaboda hadi mlangoni, mabega yamekaza, mgongo unauma, na hapo naanza kugomba kabla sijavua viatu.

Niligombea ndala zilizokaa vibaya, kijiko kilichoanguka, hata mambo ambayo hayajatokea bado. Nilikwenda zahanati kwa maumivu ya kichwa, muuguzi akanipima, akasema presha iko juu, akaniuliza kama nafanya mazoezi. Nikamwambia mguu wangu unakanyaga cherehani tangu asubuhi, unataka mazoezi gani tena? Alicheka yule dada, lakini aliniandikia dawa, na akanisihi nitembee. Dawa nilimeza. Kutembea nikaona ni mambo ya watu wasio na kazi.

Ndugu zangu, msidhani sikuomba. Niliomba! Nilikuja hapa mbele, nikapiga magoti, wengine wenu mliniwekea mikono. Nilikuwa nasubiri Mungu ashuke kwa kishindo, niamke siku moja nikiwa mtu mpya. Niliamka na mgongo ule ule.

Ikafika Jumamosi moja. Nilikuwa nimeleta kazi nyumbani, gauni jeupe la bibi harusi, nimelitandaza mezani. Daudi akaja na kikombe cha uji, akajikwaa kwenye waya wa pasi, uji wote ukamwagikia kitambaa. Mkononi nilikuwa na rula yangu ya mbao. Niliirusha. Ilipiga kioo cha kabati, kikavunjika chote. Nilipogeuka nilimwona Anjela amesimama mbele ya mdogo wake, ameitandaza mikono yote miwili ili kumkinga. Hakulia yule mtoto. Alikuwa ananitazama tu.

Sijui ile rula nilikuwa nimemlenga nani, ndugu zangu. Hadi leo sijui. Naogopa kulifikiria hilo.

Shule zikafungwa, Anjela akaomba kwenda kwa bibi yake Kurui. Nikampeleka, Daudi akabaki kwa sababu ya mafua. Zilipobaki siku chache shule zifunguliwe, mama akanipigia simu. Mama yangu hana maneno mengi. Akasema, "Mtoto hataki kurudi. Jana ameniuliza kama shule ya huku wanapokea wanafunzi wa darasa la tatu." Nikasema mpe simu. Akasema, "Hataki simu."

Asubuhi yake nilimwacha Daudi kwa jirani, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Nilimzaa mimi! Nani amemfundisha kiburi? Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ina kichwa na miguu, na niliposhuka kwa mama nilikuwa tayari kuitoa.

Mama alikuwa barazani. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Umekula?" Nikamwambia nimekuja kumchukua mtoto. Akasema mtoto yuko nyuma anakuna nazi, na mimi nivue hilo koti la safari, nifunge kanga. "Mchele nimeuloweka tangu jana, umeshachujika maji," akasema. "Mkono wangu unauma. Twanga."

Pale Kurui kuna mashine ya kusaga, si mbali. Mama yangu hataki kuisikia. Unga wa mkate wa kumimina kwake ni wa kinu, basi. Alijifunza kwa jirani yake Bi Mwajuma, na kila Jumamosi ya utoto wangu ilikuwa na mkate huo. Bi Mwajuma mwenyewe alikuwa akija na kisahani chake jioni, na siku za Idi yeye ndiye aliyetuletea sisi.

Basi nikashika mchi. Nikatwanga kwa hasira zangu zote. Mchele unaruka nje, kuku wanafurahi. Mama akaniambia, "Taratibu, mwanangu. Kinu hakijakukosea." Nikapunguza. Jasho likaanza kutoka, halafu likatoka kweli kweli, na mikono yangu ya ufundi ambayo haijashika mchi miaka mingi ikaanza kuota malengelenge. Nilikuwa nahema. Nikachekecha, chenga nikazirudisha kinuni, nikatwanga tena. Ilipofika mara ya tatu, ndugu zangu, nikaitafuta ile hotuba yangu nikaikosa. Mabega yalikuwa yameachia. Nilikuwa nasikia harufu ya unga mbichi wa mchele, na sikuwa nimenusa harufu hiyo tangu nimeondoka nyumbani.

Anjela akaleta nazi aliyoikuna. Akanisalimia shikamoo, akaweka bakuli chini, akakimbilia kwa bibi yake. Sikumfuata.

Mama akakamua tui, akachanganya na unga, sukari, hamira na iliki. Akakoroga kwa mkono, akaliweka bakuli barazani mahali penye joto, akalifunika kanga. Halafu akageuka kunitazama, akaweka kidole mdomoni.

Bwana Yesu! Nilikuwa nimeisahau sheria ile! Kwetu, mkate ukiwa unaumuka, hakuna anayepaza sauti. Mama alituambia kelele zinauangusha mkate, na sisi tuliamini. Watoto watano, tunapita kwa ncha za vidole! Kaka zangu walikuwa wakipigana bila sauti, ngumi kimya kimya, mpaka mmoja anacheka wote wanakimbilia shambani. Baba alikuwa akitaka kukohoa anatoka, anakwenda hadi kwenye mnazi, anakohoa kule, anarudi. Bi Mwajuma akikuta bakuli limefunikwa, hapigi hodi, anagonga kwa kucha mlangoni, nasi tunaitikia karibu kwa midomo tu. Nilikaa pale barazani nikayakumbuka yote hayo, na baba aliyekwisha kufa nikamwona kabisa anatembea kwenda kukohoa. Nilimkumbuka sana siku ile. Sikujua wakati ule kwamba tulikuwa na raha kiasi kile.

Nikasikia Anjela na bibi yake wanaongea jikoni, kwa sauti ya chini. Bibi anamwelekeza asipige sufuria. Anjela akamjibu, "Mimi najua kunong'ona, bibi. Nyumbani mama akirudi tunanong'ona kila siku. Hata Daudi anajua. Akitaka maji ananiambia sikioni."

Mama akamuuliza, "Kumbe na mama yako anaoka mkate?"

"Hapana," akasema Anjela. "Hakuna mkate."

Ndugu zangu, hapo ndipo Mungu aliponikuta. Hapo hapo barazani kwa mama yangu, mikono imejaa unga. Sisi tulinong'onea mkate. Wanangu wananinong'onea mimi! Nililia, ndugu zangu, nililia kwa sauti ambayo sheria ya nyumba ile hairuhusu. Mama alitoka jikoni akanitazama. Nikamwonyesha bakuli, nataka kumwomba radhi kwa kelele. Akasema, "Lia tu. Mkate utajua wenyewe."

Nililia mpaka nikanyamaza mwenyewe. Na mkate uliumuka.

Wakati wa kuoka, mama aliweka moto mdogo chini ya sufuria, na makaa mengi akayapanga juu ya mfuniko, maana mkate huu unaiva kwa moto wa juu na wa chini. Akaniambia niangalie. Sasa mimi tangu utotoni ndiye niliyekuwa mharibifu wa mikate pale nyumbani. Siwezi kungoja. Nafunua kabla ya wakati, ubaridi unaingia, mkate unabonyea katikati, na ndugu zangu wananichukia hadi kesho. Nikakaa pale kidogo, nikasikia harufu imeanza, nikachukua kibanio ninyanyue mfuniko.

Mkono mdogo ukanishika. "Mama, bado."

Alikuwa Anjela. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyoniambia toka nimefika, ukiacha shikamoo. Nikaweka kibanio chini. Akakaa karibu yangu, hakunigusa tena, lakini alikaa. Tukangoja wote wawili. Ulipotoka ulikuwa umepanda, una matundu yake mazuri, rangi ya hudhurungi juu. Tuliula kwa chai ya mchaichai, na kipande kikapelekwa kwa Bi Mwajuma, ambaye sasa macho hayaoni vizuri lakini alinijua kwa sauti.

Nikamwomba Anjela msamaha. Nilimwambia nilikosea siku ile ya rula, na siku nyingine nyingi. Sikumwahidi kwamba sitakasirika tena, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuahidi Ijumaa. Nilimwambia nitajaribu, na akiona nimeanza kupandisha sauti, aniambie kama alivyoniambia pale jikoni: Mama, bado. Akatikisa kichwa kukubali. Lakini nilipomuuliza kama twende nyumbani, akatazama chini.

Mama akasema, "Mwache. Atakuja akitaka mwenyewe."

Ilinichoma, ndugu zangu. Niliondoka bila mwanangu. Mama alinisindikiza hadi barabarani, na pale njiani nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. "Mama, ni kweli kelele zinaangusha mkate?"

Akasimama. Akanitazama kwa mshangao. "Miaka yote hiyo hujajua? Mkate unasikia nini? Mlikuwa watano! Baba yenu anarudi amechoka, mimi nimetoka shamba, ninyi mnapiga kelele tangu alfajiri. Kuna siku nilikaribia kumtupia kaka yako mwiko wa moto. Nikamwendea Bi Mwajuma nikilia, naye akanipa mchi. Akaniambia twanga kwanza, halafu oka, halafu ndiyo ugombe kama bado unataka." Akacheka mama yangu. "Basi ukisha kutwanga, halafu ukapata utulivu wa saa nzima, wa kumgomba unampata wapi?"

Kumbe mama naye! Mama niliyemkumbuka mpole, asiye na sauti kubwa, alikuwa na hasira zangu hizi hizi! Hakuwahi kutuambia. Alituambia tu tunong'one, mkate usianguke, na sisi tukakua tukidhani Jumamosi ni siku ya raha.

Nilirudi Kibaha na kinu kidogo kwenye bodaboda, mwenye pikipiki akiniuliza kama nahama. Nikaanza. Asubuhi nilitembea kwa miguu kwenda kazini, nusu saa, na siku ya kwanza nilifika mapaja yanawaka moto. Niliwaambia wateja ukweli: gauni lako sijaligusa, njoo wiki ijayo. Wawili walinitukana, mmoja alichukua kitambaa chake, wengine wakasema afadhali umesema. Niliacha chipsi, nikaanza kupika wali na mchicha wangu nyumbani. Jioni nilitwanga uani. Majirani wakaja kuchungulia, wakaniuliza kama mashine zimeharibika Kibaha nzima.

Mkate wa kwanza niliunguza juu, chini mbichi. Wa pili niliufunua mapema, ukabonyea, nikataka kuutupa ukutani na sufuria yake. Daudi alikuwa amesimama mlangoni. Nikavuta pumzi, nikaita jina la Yesu, nikamkatia kipande kilichobonyea. Akala. Akasema, "Ni mtamu, mama," na alisema kwa sauti ya kawaida. Ndugu zangu, hamjui nilivyofurahi kusikia sauti ile.

Shule zikafunguliwa, Anjela hakuja. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nilimpigia mwalimu wake nikamwambia mtoto yuko kwa bibi, na nikiikata simu nalia. Kila siku niliomba, lakini sikuomba tena kishindo. Niliomba Mungu anipe jioni moja tu, na kesho yake nikaomba nyingine.

Jumamosi alasiri nilikuwa naosha vyombo uani. Bakuli lilikuwa barazani, nimelifunika kanga. Nikasikia lango linafunguliwa, na sauti ya mama yangu inaanza kupiga hodi. Halafu ikakatika. Nikachungulia. Daudi alikuwa amesimama katikati ya baraza na kidole mdomoni, amekunja uso, anamnyooshea bibi yake bakuli. "Shhh! Mkate!"

Na nyuma ya bibi alikuwa Anjela na begi lake la shule. Akalitazama bakuli. Akamtazama mdogo wake. Akavua viatu pale pale langoni, akapita kwa ncha za vidole mbele ya baraza, akaja hadi uani nilipokuwa, akaninong'oneza sikioni, "Mama, nimerudi."

Haleluya! Semeni haleluya! Mwanangu amerudi!

Sijawa malaika, ndugu zangu. Juzi tu mteja mmoja alinijaribu, nikapandisha sauti, na Daudi akaniambia mbele yake, "Mama, bado." Mteja akacheka, mimi nikacheka, suruali yake nikaimaliza siku hiyo hiyo. Zahanati bado nakwenda, na dawa bado nameza kama nilivyoelekezwa. Yule muuguzi alipopima mara ya mwisho alitabasamu, akauliza kama siku hizi nafanya mazoezi, nikamwonyesha viganja vyangu. Ile rula ya mbao ninayo bado, naipimia nguo. Kioo cha kabati sijaweka kingine. Nimeacha hivyo ili nikumbuke.

Namshukuru Mungu kwa mama yangu, na kwa Bi Mwajuma aliyempa mama mchi. Na ninyi mliokaa hapa na mabega yamekaza, nawasihi, mwaminini Mungu hata anapowajibu kwa kitu kidogo kilichokuwapo jikoni siku zote. Ukiingia nyumbani kwako leo, simama mlangoni, usikilize. Kama watu wananong'ona, jiulize wanamnong'onea nani. Mimi nilijiuliza nikiwa nimechelewa, na Mungu akanihurumia.

Jumamosi karibuni kwangu, mkate upo, hata ukibonyea tutaula. Ila mkikuta bakuli barazani limefunikwa kanga, pigeni hodi kwa sauti ya chini. Najua mkate hausikii, lakini Anjela bado hajajua, na sina haraka ya kumwambia.